Mtoto na Baiskeli

Nakumbuka waliokuwepo siku tulipoondoa matanga ya baba, nyumbani kwetu Shituru: baba mkubwa Ilunga, baba mdogo Banza na mkewe, shangazi Ngoie, wadogo zangu Mwamba, Mujinga na Kabwe mchanga, ambaye mke wa Banza alikuwa akimnyonyesha tangu mama afariki, na mimi, kifungua mimba.

Mwanangu, jana uliniambia kwamba kuuliza ‘mtu ni nini?’ ni kazi ya walioshiba. Nimelala na hasira, nimeamka nayo. Keti.

Baba mkubwa aligawa vitu vya marehemu kama ukoo ulivyozoea. Redio ikaenda huku, kitanda kule. Kisha ikafika zamu ya baiskeli.

"Velo, Banza. Mwamba, kwangu. Mujinga, kwa Banza."

Kwa pumzi moja! Nikauliza:

"Papa, mutoto na velo ni kitu kimoja?"

Walicheka. Banza alijipiga paja. "Mutazame mufilozofu! Hiyo filozofi utaikula na bukari?"

"Ni desturi," alisema baba mkubwa. "Na weye kesho utaolewa. Nyamaza."

Shangazi hakucheka. "Banza, mujibu mutoto. Jibu hauna, njo maana unacheka." Kisha akanigeukia, na ukali wake ulinichoma kuliko kicheko chao. "Na weye, usiulize halafu ukae. Kama batoto si velo, nani atabalisha?"

"Minye," nilijibu, yaani mimi.

Wakubwa walibishana mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa na kuwa ngumu. Mwishowe Mwamba na Mujinga walibaki nami, kwa shangazi. Niliacha shule, nikauza makala, yaani mkaa, sokoni, masizi yakaingia hadi kwenye mate. Kabwe alikwenda na Banza, kwa kuwa maziwa yalikuwa kwa mkewe.

Sasa niambie, mimi nilikuwa nimeshiba?

Wanasema njaa ndiyo inayowaziba watu masikio. Uongo! Siku ile mwenye njaa ndiye aliyeuliza, na waliokuwa na chakula ndio waliocheka. Wahenga walisema anayeuliza hapotei. Hawakutaja kwamba anawanyima wengine usingizi. Swali kama lile, ukilijibu kwa haki, litakuondolea baiskeli mkononi. Ndiyo maana wanaliita kiburi, wazimu, Kifaransa cha shuleni. Maskini naye hucheka, nimemwona, maana akijibu atalazimika kuinuka, na miguu yake imechoka. Huyo namwonea huruma. Banza simwonei, Mungu anisamehe.

Basi sikiliza. Ukiona watu wanagawiwa kama vyombo, uliza mtu ni nini. Wakicheka, waache wamalize, uulize tena. Nawe usitupe swali ukaondoka. Jitwike jibu lake, hata kama litakugharimu miaka. Mungu akupe kinywa kisichotetemeka, na mgongo wa kubeba ulichokisema.

Kabwe ni mtu mzima sasa, anaishi Kolwezi. Juzi alinipigia simu, tukaongea habari za watoto.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "siku ile uliuliza juu ya minye pia?"

Sikumcheka. Wala sikumjibu. Niliwahesabu tena niliowapigania siku ile: Mwamba, Mujinga. Deni hilo bado ninalo.