Mkebe Uliobaki Wazi

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, nikiwa mgeni kazini kwenye maabara ya kliniki ndogo katikati ya mashamba ya chai. Nilikuwa napima mkojo wa akina mama wajawazito kuona kama una protini. Unachovya kijiti, unangoja kidogo, unalinganisha rangi na zile zilizochorwa kwenye mkebe wa vijiti. Protini ikionekana, huenda presha imeanza kumdhuru mama, na mtoto tumboni pia.

Mkebe ule ulisumbua kufungua ukiwa na glavu, kwa hiyo niliuacha wazi dirishani. Unajua ukungu wetu wa Kericho. Nguo hukaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Vijiti vilinyonya unyevu wote ule. Nikapima akina mama watano, nikaandika "hakuna" mara tano, wakaenda zao.

Wa tano, mchuma chai aliyeitwa Chebet, alirudi siku hiyo hiyo akiwa ameshika kichwa, akasema macho yanaona nyotanyota. Mkuu wangu, Mzee Ouma, aliutazama mkebe kabla ya kunitazama mimi.

"Huu umekaa wazi tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi, mzee."

Hakunigombeza. Aliupasha mkojo wa Chebet kwenye mrija wa kioo juu ya taa ya spiriti, jinsi walivyopima zamani. Ukawa mweupe kama ute wa yai lililochemshwa, na alipodondosha siki, weupe haukuondoka: protini ilikuwemo.

"Vijiti vimeharibika, kijana," akasema. "Lakini aliyemwambia huyu mama yuko sawa ni wewe. Leta kitabu cha majina."

Chebet alipelekwa hospitali kubwa, akajifungua salama. Watatu tuliwapata mashambani, tukinyeshewa. Mmoja nilikuwa nimemwandika "Emily, Soin", basi. Nilienda Soin Jumamosi tatu, sokoni na makanisani, watu wakaniuliza Emily yupi. Sikumpata. Hadi leo nikipita huko nawatazama wanawake wa rika lake.

Wewe unayeanza kazi hii sasa utakuta mashine inayopima protini nyingine za hatari hiyo hiyo kwa matone machache ya damu. Nayo hukosea dawa zake zikiachwa nje ya friji. Kila asubuhi ipime kwanza kwa sampuli ambayo jibu lake unalijua. Andika mtu anakaa wapi kabla hajatoka mlangoni. Na ukikosea, sema saa hiyo hiyo, mgonjwa angali karibu.

Mungu aitulize mikono yako, na asikuachie jina hata moja la kutafuta uzeeni.