Mstari wa Kalamu Kifuani kwa Baba

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu, na niliripoti nikiwa na sandali za bafuni, kwa maana kazi yenyewe ilianzia nyumbani. Sikuiomba. Jana yake jamaa walikuwa wamekutana kwetu, mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, wakamaliza chai, kisha Shangazi Ndunge, dada mkubwa wa Baba, akanyoosha kidole. Mama hawezi kufunga kibanda cha mboga, akasema, ndicho kinachotulisha. Kaka yangu yuko Mombasa. "Kwa hivyo ni Mwende. Shule alishaacha, mume hana, na huyu hata umwamshe saa kumi na moja alfajiri ataamka akicheka."

Sikukasirika. Kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikiota mchana kutwa kwamba nitajenga ghorofa yangu yenye lifti, na hakuna mtu aliyewahi kunipa cheo.

Cheo kilikuwa mtunza mgonjwa. Baba alikuwa na saratani ya umio, yaani ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ni mchongaji wa vinyago, ameshika tezo tangu ujana wake. Tezo ni kishoka kidogo ambacho ubapa wake umelala kama wa jembe, na mkononi mwa Baba kilikuwa kinatoa twiga kwenye gogo kama mtu anayemvua mtoto sweta. Sasa ugali ulikuwa umemshinda. Tonge likifika kifuani linasimama hapohapo, naye anabaki amekodoa macho. Daktari alisema kuna njia, lakini ni ndefu, na lazima aimalize. Nawaandikia nyinyi ambao siku moja mtanyooshewa kidole kama mimi, mjue kazi hii ilivyo.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Shangazi mwenyewe. Alikuja kila Jumamosi na mifupa ya supu kutoka Soko la Burma, na ukaguzi wake haukuwa na huruma. Alionja uji, akaupitisha tena kwenye kichujio mbele ya macho yangu.

"Hii ni nini?"

"Ni uji, Shangazi."

"Ni kokoto. Unataka ndugu yangu asakamwe na unga?"

Kwake nilijifunza kwamba uji wa mgonjwa wa umio unachujwa mara mbili, unanywewa ukiwa vuguvugu, na aliyeunywa anakaa wima nusu saa nzima hata akilia kwamba amechoka. Ngazi nazo alinifundisha yeye. Mkipanda, mgonjwa anatangulia nawe unafuata nyuma, kwa sababu akiteleza atakuja upande wako. Baba alikuwa anapumzika ghorofa ya tatu, mlangoni pa Mama Atieno, jirani yetu aliyetoka Kisumu na mume wake mfanyakazi wa reli miaka mingi iliyopita. Mama huyo alitoa kiti cha plastiki siku ya kwanza, bila kuombwa, na hakukirudisha ndani tena.

Kituo changu cha pili kilikuwa chumba cha kemo. Kemo ni dawa kali za kupigana na saratani, zinaingia mwilini kwa dripu, tone baada ya tone, na wewe unakaa kando ukiziangalia mpaka macho yanauma. Mkuu wa chumba kile tulimwita Sista, muuguzi mnene mwenye saa kifuani. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini.

"Daftari lako liko wapi?"

"Daftari gani, Sista?"

"Kwani wewe ni mtunzaji ama umekuja kusalimia watu?"

Nikanunua daftari. Ndani niliandika saa aliyokunywa, saa aliyotapika, na joto la mwili asubuhi na jioni. "Joto likigonga thelathini na nane," Sista aliniambia, "usimpe panadol ukamfunika blanketi. Mlete. Hata akikataa. Sana sana akikataa." Kisha akaniinamia sikioni. "Na atakuomba umfichie vitu. Wazee wote wako hivyo. Usimfichie."

Nikamjibu, "Sawa, Sista," upesi upesi, kama mtu ambaye hajaelewa.

Kituo cha tatu, chumba cha mionzi ya kuchoma saratani, ndicho kilichonifunza kazi. Mionzi haionekani wala haisikiki. Mgonjwa analala kwenye kitanda kigumu chini ya mashine kubwa, wote mnatoka, mlango mzito kama wa benki unafungwa, na baada ya dakika chache anaamka anavaa shati. Lakini kabla ya siku ya kwanza walimpiga picha za kupanga, wakamchora kifuani na ubavuni misalaba midogo kwa wino, wakaifunika kwa plastari angavu. Kila siku taa nyekundu nyembamba kama uzi zinalinganishwa na ile misalaba, ndipo mashine inajua pa kupiga. Aliyesimamia haya yote tulimwita Madam, dada mwembamba asiyenizidi sana umri.

"Mzee wangu, sikia," alimwambia Baba. "Hapa kuna umio, hapa karibu kuna moyo. Mionzi haina macho. Inapiga pale alama inaposema. Usioge sehemu hii kwa sabuni, usipake mafuta. Ukiona alama inafifia, msiiguse. Nileteeni hivyohivyo."

"Aiya! Kumbe leo mimi ndio gogo," Baba akasema, na Madam akacheka mpaka kalamu ikamwanguka.

Siku zilipangwa ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Baba alizikata moja moja kwa penseli ukutani. Hilo ndilo lililomtia nguvu, kuona zinapungua. Aliambiwa asiruke hata siku moja bila sababu, naye akashika neno hilo kama amri ya kanisani.

Wiki ya pili jua lilikuwa kali. Jumapili alasiri, nikimbadilisha shati, niliona plastari ya juu imebanduka kwa jasho na msalaba wa ubavu wa kushoto umebaki kivuli tu.

"Baba, imefutika."

Akajitazama kwenye kioo. Hakushtuka hata kidogo. Katika karakana yake kuna sheria moja ambayo kila mwanafunzi anaijua: mstari ukififia, urudie kabla hujashika tezo. "Lete kalamu," akasema.

"Lakini Madam alisema..."

"Madam amechora mistari miaka mingapi? Mimi ni mingapi? Tukienda hivi watatuambia turudi kesho, na kesho kutwa. Lete kalamu, Mwende wakwa." Kwa Kikamba hiyo ni Mwende wangu, na akiniita hivyo sina ujanja.

Mwenyewe hakuufikia ubavu. Alikiangalia kioo akiniongoza: panda kidogo, kulia, hapo, shuka, kaza mkono, usipumue. Nikachora. Ulikuwa msalaba mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Akautazama kwenye kioo, akasema, "Una mkono wa fundi, wewe." Maishani mwangu hakuwahi kuniambia hivyo. Nilipika uji nikiimba.

Jumatatu Madam akamlaza. "Niaje, mzee wangu! Leo alama zimekaa safi kabisa." Baba akanikonyeza. Taa nyekundu zikawaka, zikakaa juu ya msalaba wangu sawasawa. Madam akatuashiria tutoke, na mlango ukaanza kuja.

Wakati huo ndipo nilipokumbuka kile kioo. Baba alikuwa akisema kulia, na kulia kwenye kioo ni kwingine. Mionzi haina macho. Inapiga pale alama inaposema, na iliyosema leo ni kalamu yangu.

"Madam! Ngoja! Alama ya ubavuni ni mimi niliichora."

"Mwende!" Baba aliita kutoka kitandani, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto.

Mlango ulisimama. Madam hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alirudi ndani, akafungua faili, akapima kwa rula kutoka kwenye mfupa wa kifua, akapima tena. Halafu akaweka kidole chake kimoja kwenye ngozi ya Baba, kati ya mahali palipokuwa na alama ya kweli na mahali pa msalaba wangu. Kidole kilijaa pale bila nafasi.

"Kuelekea moyoni," akasema polepole. "Picha ya kukagua tunapiga Ijumaa. Angepigwa siku nne kabla hatujajua."

Wakamshusha. Wakampeleka kupangwa upya, na hayo yakachukua siku tatu. Ukutani penseli ikasimama.  Njia nzima ya kurudi nilikuwa najisemea moyoni kwamba nimemwaibisha mbele ya watu, tena nimemkatia siku zake tatu, na labda cheo changu kimeishia hapo.

Ghorofa ya tatu akakaa kwenye kiti cha Mama Atieno. Akapumua kwa muda mrefu.

"Mwende."

"Naam, Baba."

"Mimi nikiharibu gogo, nachukua gogo lingine." Akasubiri kifua kitulie. "Wewe ungechukua baba gani mwingine?"

Nikakaa hapohapo kwenye ngazi nikalia kwa sauti, mpaka Mama Atieno akafungua mlango na mwiko mkononi kuuliza nani amekufa. "Hakuna aliyekufa," Baba akamwambia. "Ndiyo sababu analia."

Alimaliza zote ishirini na tano. Kifua kilibadilika rangi kama kimeunguzwa, na kumeza kukawa kugumu zaidi kabla hakujawa rahisi, mambo ambayo Sista alikuwa ametuonya. Daftari la kwanza likajaa, nikaanza la pili. Kisha Jumapili moja, Shangazi akiwapo, Baba alimega chapati, akaichovya kwenye supu, akatafuna kama mtu anayehesabu, akameza. Shangazi akashika mdomo wake. Chapati ikapita. Akamega kipande kingine, na alipomaliza akanigeukia.

"Kesho ngazi nitapanda peke yangu."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa na miaka ishirini na tatu, bila keki wala hotuba. Kliniki tunaenda bado kila baada ya miezi mitatu, na asubuhi ya majibu hakuna anayemaliza chai yake. Ghorofa yangu yenye lifti ipo palepale kichwani, ila sasa ghorofa ya tatu nimeongeza mahali pa viti.

Siku hizi naenda naye karakana. Napiga msasa, nafagia, na mara moja moja napewa penseli. Juzi niliona mstari wa shingo ya pundamilia umefutika chini ya jasho la mkono wangu. Nikachukua penseli. Baba hata hakuinua macho kutoka kwenye tezo yake.

"Uliuchora wewe?"

"Hapana. Ni wewe."

"Basi niulize."

Nikamwuliza.