Amepona, Kasema Nani?

Katika kiwanda kile cha kufulia shuka za hoteli na hospitali, jina lake la kwenye kitambulisho walilijua watu wa ofisini tu. Wengine wote walimwita Bi Mkunjo. Aliingia pale akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akawekwa mwishoni mwa ile silinda ndefu ya moto inayonyoosha shuka, na hapo hapo akakaa miaka ishirini na sita. Kazi yenyewe si ya mtu mmoja. Shuka inatoka ingali ya moto, wewe unashika pembe mbili, mwenzako mbili, mnavuta, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena, kisha mnadaka nyingine. Bi Mkunjo akikunja, hutakuta pembe moja imeizidi nyingine hata kwa upana wa ukucha. Aliyeshika upande wa pili miaka hiyo yote ni mwanamke mmoja waliyemwita Kimya, na sababu ya jina hilo haina haja ya kuelezwa.

Maumivu yalianza mwaka wa kumi na saba wa kazi. Kwanza mabega, akasema ni kazi tu. Kisha mgongo, nyonga, magoti, nyayo, vidole, mpaka ngozi ya kichwa. Jamani, ngozi ya kichwa! Mtu unamwelezaje msimamizi kwamba leo umechelewa kwa sababu kitana kimekuumiza? Akapimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha za mifupa, na kila kipimo kikarudi safi kama zile shuka zake. Usingizi nao ukamkimbia. Alichobakiwa nacho ni ule wa mang'amung'amu, wa kusikia kila jirani anayekohoa, na asubuhi akiamka amechoka kuliko alivyojilaza. Moyo ukaingia giza. Alikuwa akilia jikoni, na vitunguu hata hajavimenya.

Nyumbani hakuna aliyemwamini. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa mtu wa safari, akirudi anakuta mke amesimama kwa miguu yake miwili, basi anaona mambo shwari. Lakini aliyemkata maini hasa ni mdogo wake wa tumbo moja, yule waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Siku moja ndugu wamejaa sebuleni, mtu akauliza dada mkubwa mbona hainuki kusaidia. Chiriku akajibu kwamba dada yake anaumwa ugonjwa wa kudeka, na dawa yake ni kufokewa. Watu wakacheka. Bi Mkunjo naye akacheka, angefanyaje? Kisha akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka macho yakauke. Maneno yale yalimuuma kuliko mgongo, na miaka yote iliyofuata hayakutoka kichwani.

Mwaka wa tisa wa maumivu ndipo alipokutana na daktari mmoja mwanamke, mfupi, asiye na haraka. Akamsikiliza mpaka mwisho. Akambonyeza hapa na pale, akamuuliza juu ya usingizi, akamuuliza juu ya machozi. Kisha akamwandikia jina kwenye karatasi: fibromialjia. Akamwambia ugonjwa huu hauui, hauambukizi, hauonekani kwenye picha, na wala si uongo. Neno hilo la mwisho ndilo lililomtoa Bi Mkunjo machozi palepale kitini. Akapewa kidonge kidogo cha kumeza jioni, akaambiwa atembee kidogo kila siku na alale saa ileile, akaandikiwa na barua ya kazini: apewe kazi nyepesi. Kazini wakamkalisha kwenye meza ya kushona vifungo na lebo.

Majirani walihangaika na jina lile mpaka wakaamua kuliita faibromalaria, wakapeana pole kwamba malaria siku hizi zimekuwa za kila aina. Chiriku hakucheka. Aliishika karatasi ya daktari, akaisoma mara tatu, akairudisha, akaaga mapema. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana anaondoka mahali bila kumaliza habari.

Haukupita mwezi Chiriku akawa muuzaji wa virutubisho. Msiniulize wa kampuni gani, mimi naona zote makopo ni yaleyale meupe. Akamletea dada yake makopo matatu. La kwanza magnesiamu, la usingizi. La pili vitamini D, la mwili. La tatu majani yaliyosagwa na kutiwa kwenye vidonge, ya kuchangamsha moyo, ambayo yeye mwenyewe aliyaita vidonge vya furaha. Akayapanga mezani, akayageuza yote lebo zitazame mbele, akaeleza kila kidonge kinywewe vipi. Alikuwa na maneno ya kila kitu isipokuwa neno moja, nisamehe. Bi Mkunjo akaelewa kwamba neno hilo limo ndani ya makopo. Angelikataaje?

Makopo akayapeleka kwa daktari, kama mtu mwenye akili zake. Daktari akasema magnesiamu wapo inaowasaidia kulala na wapo wasioona tofauti, ajaribu, asizidishe kipimo. Vitamini D akampima damu, akaiona iko chini kweli, akasema ameze. Kopo la tatu akaliweka kando. Hili, akasema, linagombana na kidonge chako cha jioni, na ugomvi wao unaweza kukulaza hospitali. Akamalizia kwamba hakuna hata kimoja hapo kinachoponya.

Hilo la kopo la tatu Bi Mkunjo hakumwambia mdogo wake. Alijaribu mara mbili, akaishia kumkaribisha chai. Na Chiriku kila Jumamosi alikuwa akija, anatikisa makopo sikioni kusikia yamepungua kiasi gani. Basi kila asubuhi Bi Mkunjo anafungua bomba, anamwaga vidonge viwili vya furaha kwenye sinki, anavitazama vikizunguka vikishuka. Alijiona mjinga, na aliendelea.

Sasa, katika kufanya hivyo, akalala. Kama ni magnesiamu, kama ni kidonge cha jioni, kama ni kule kutembea mpaka kona na kurudi, Mungu ndiye ajuaye. Siku kumi na moja mfululizo alilala usingizi wa pono. Maumivu yalikuwepo, ila yalirudi nyuma hatua moja, akapata nafasi ya kupumua. Akajikuta anaimba akifagia. Jumamosi Chiriku akaingia, simu mkononi, akauliza hali.

"Nimepata nafuu, mdogo wangu," akasema. "Nalala."

Chiriku akapiga kelele, akaigeuza simu, akaanza kurekodi: "Jamani, huyu ni dada yangu wa damu, miaka tisa kitandani, leo amepona!" Miaka tisa kitandani! Mtu hakukosa zamu hata wiki moja. Alikuwa ametia chumvi mpaka chakula kikaharibika. Na nafuu na kupona ni maneno mawili, hata mtoto wa chekechea aliyewahi kuugua homa anayajua. Bi Mkunjo alifungua kinywa amsahihishe. Akaona machozi yanamtiririka mdogo wake, machozi ya kweli, ya mtu aliyetua mzigo. Akafunga kinywa. Kwenye video anaonekana anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililommaliza.

Video ilizunguka mtaa mzima kabla ya chai ya jioni. Watu wakawa wanampa hongera njiani. Mumewe akapiga simu kutoka safarini kushukuru, akasema sasa wazazi wake wanaweza kuja kukaa miezi miwili bila wasiwasi. Ndoo alizokuwa akisaidiwa kubeba zikarudi mikononi mwake. Siku ya kumi na mbili usingizi ukaondoka kama ulivyokuja, maumivu yakarejea na ya ziada, na hakuwa na pa kuyapeleka. Akiguna, anaulizwa si umepona wewe? Zamani aliumwa bila kuaminiwa, sasa alikuwa anaumwa bila ruhusa. Alikuwa akijifungia bafuni, anafungulia maji yachuruzike, ndipo anajiruhusu kuugulia. Na kila Jumamosi Chiriku analeta mgeni mpya wa kumwona dada aliyepona, na dada aliyepona anapika chai, anatabasamu, anabeba sinia kwa mikono miwili lisimponyoke.

Msimamizi wa kazi naye aliiona ile video. Akaja kwenye meza ya vifungo, akasema kwa upole kwamba kwenye silinda kuna upungufu wa watu, na kwa kuwa mambo yamekuwa mazuri, arudi kidogo. Hicho kidogo kikawa wiki ya pili. Ukishika shuka upande mmoja, unamsikia aliyeshika wa pili, huwezi kumficha kitu. Siku ya tatu ya wiki hiyo Kimya akafungua kinywa.

"Shuka inatetemeka."

"Ni upepo," Bi Mkunjo akajibu.

"Upepo gani, humu ndani?"

 Tangu hapo Kimya akawa anavuta kwa nguvu za watu wawili, Bi Mkunjo anashika tu ili aonekane ameshika. Lakini shuka zikaanza kulundikana, mikunjo ikaanza kwenda upande, na siku mbili baadaye, saa ya chakula, Bi Mkunjo akaitwa kwa afisa utumishi.

Afisa mwenyewe alikuwa kijana wa watu, hana ubaya, ila karatasi zilikuwa zimemfika shingoni. Mkono wa kushoto ameweka barua ya daktari, wa kulia simu yenye ile video. Na kwenye kiti, haya, ameketi nani? Chiriku. Namba yake ilikuwa mwishoni mwa video, afisa akaipiga kumtaka aje aeleze, naye akaelewa anavyotaka yeye, kwamba kiwanda kizima kinataka virutubisho. Alikuja na gauni lake la mikutano na mkoba mkubwa, na kabla salamu hazijaisha alikuwa ameshaweka makopo manne juu ya meza, lebo zikitazama mbele.

Afisa akayasogeza kando taratibu, akaeleza shida yake. Barua inasema mama huyu anaumwa, video inasema amepona, na yeye anatakiwa kujaza fomu leo. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: Anafaa, Hafai. Akiweka anafaa, mama anabaki kwenye silinda. Akiweka hafai, anasimamishwa kazi mpaka bodi ya madaktari ikae, na bodi hiyo mwaka jana haikukaa kabisa. Meza ya vifungo ameshapewa mwingine, mjamzito.

"Hakuna kisanduku cha katikati?" Bi Mkunjo akauliza.

"Hakuna, mama yangu."

Bi Mkunjo akaitazama ile karatasi. Mwili wote ulikuwa unawaka. Akisema anaumwa, amemwaga unga kwa mkono wake mwenyewe, na amemvua nguo mdogo wake mbele ya watu. Akisema amepona, anarudi kwenye moto. Akahisi kuta za ofisi zimesogea, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili kama alivyozoea kushika sinia.

Afisa akamgeukia Chiriku. "Dada, wewe ndiye uliyesema. Amepona au hajapona?"

Chiriku akafungua kinywa, na kila aliyemjua angeapa kwamba maneno yalikuwa tayari. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye ile mikono ya dada yake juu ya meza. Vidole vilikuwa vinatetemeka mpaka makopo yakaanza kulia yenyewe. Akayatazama makopo, akaitazama mikono, akabadilika uso.

"Yeye hakulisema hilo neno," akasema, sauti ndogo ambayo haikuwa yake. "Nililisema mimi. Hajapona."

"Kwa hiyo niweke hafai?"

Hapo Chiriku akaelewa alichofanya. Miaka yote hiyo alimnyima dada yake ukweli, na siku alipompa, ukweli wenyewe ukawa wa kumfukuzisha kazi. Akaanza kusema hapana, hakumaanisha hivyo, akaanza upya, akachanganyikiwa.

"Weka anafaa," Bi Mkunjo akasema.

Akavuta kalamu, akasaini mwenyewe. Afisa akagonga muhuri huku ametazama pembeni.

Walitoka kwa mlango wa nyuma, wenye ngazi za saruji ambapo wafanyakazi hukaa kula. Chiriku alikuwa anazungumza. Ataifuta video. Ataenda kwa meneja mwenyewe. Atawarudia watu wote aliowaambia, mmoja mmoja. Bi Mkunjo alikuwa akimsikia kama redio ya jirani, anashuka ngazi kwa kutanguliza mguu uleule kila mara. Kisha redio ikazimika. Aligeuka, akamkuta mdogo wake amesimama ngazi ya juu, mkoba kifuani, anamtazama anavyoshuka.

"Dada," Chiriku akasema. "Kwani inauma wapi?"

Miaka tisa. Watu walikuwa wamemuuliza amerogwa na nani, amekula nini, ataacha lini kulalamika. Hasira zilimpanda, akataka kumwambia swali hilo lilikuwa la siku ile ya sebuleni. Lakini akamwona alivyosimama, kweli anasubiri jibu. Akakaa kwenye ngazi. Chiriku akashuka, akakaa karibu yake, akauweka mkoba chini. Bi Mkunjo akavua kiatu, akamwonyesha kisigino, akamweleza asubuhi kinavyokuwa, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akahamia kwenye kifundo. Chiriku hakumkatiza hata mara moja.

Kengele ya kurudi kazini ikalia, naye alikuwa bado hajafika magotini.