Mguu Bapa Juu ya Bawa

Miguu yangu ni bapa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengine wamelisema kabla yangu, tena kwa sauti kubwa, na sasa ni zamu yangu.

Wa kwanza alikuwa koplo mmoja kwenye uwanja wa shule ya msingi kule kwetu Kenya, siku ya kusajili makurutu. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilitaka jeshi. Si jeshi tu, jeshi la anga. Mbio nilikimbia nikawaacha wasichana wenzangu nyuma, meno yangu yalikaguliwa yakakutwa yametimia, na mama alikuwa nje ya ua wa shule na chupa ya chai, akinipungia mkono kama vile nimeshavaa kofia. Koplo akaniambia nikanyage ndani ya karai la maji, kisha nikanyage saruji ya veranda. Nikakanyaga. Alama ikatoka nzima, kisigino mpaka vidole, bila pengo lolote katikati.

"Huu ni mguu wa bata," akasema, na wenzake wakacheka. "Hauwezi kusimama muda mrefu. Enda nyumbani, dada."

Nilibaki pale nikiitazama alama yangu ikikauka kwenye saruji. Haikuchukua muda, jua lilikuwa kali. Mama aliponiuliza kulikoni nikamwambia nimekosa bahati. Hasira ya siku ile sijaimaliza hadi leo, na wala sina mpango wa kuimaliza.

Sasa ona vituko vya dunia. Kazi niliyopata, iliyonileta Dubai na kunilisha miaka yote hii, ni kazi ya kusimama. Mimi ni mlinzi. Nimesimama kwenye milango ya maduka, kwenye lobi za hoteli, kwenye mageti ya majumba ya mtaa wa Mirdif ambako madam hupita na gari la vioo vyeusi bila kujua kama pale pana mtu au nguzo. Mlinzi wa hapa haketi, haegemei ukuta, hapigi miayo. Jioni kambini, kwenye mabweni ya wafanyakazi, natia miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, na mwenzangu wa chumbani, Mtanzania anayesafisha vyumba hotelini, hunitania kwamba naloweka maharage. Miguu inauma, hapo sitadanganya. Lakini haijawahi hata siku moja kukataa kazi.

Basi kampuni yetu ikapewa ulinzi wa maonyesho ya ndege, nami nikapangiwa ndege moja tu, nisimame ubavuni mwake kuanzia asubuhi. Ilikuwa ndege ndogo ya kivita, ya pangaboi mbele, viti viwili, cha mwanafunzi mbele na cha mwalimu nyuma yake, kimeinuka kidogo ili mwalimu aone makosa. Vijana wanaojifunza urubani wa kijeshi huanzia kwenye ndege za namna hiyo. Ikibidi hufungwa silaha chini ya mabawa na kupelekwa kazini. Silaha zenyewe zilipangwa mezani mbele yake, zimepakwa rangi safi kama vyombo vya arusi. Sikuwa mjinga, nilijua zile si za mapambo. Sikuzipenda, nilizipa kisogo.

Ila ndege niliipenda. Nisingeipenda kama isingekuwa maneno ya watu. Ilikuwa imetengenezwa papa hapa, katika nchi hii, na hilo ndilo lililowakera wageni fulani. Walikuwa wakifika wamevaa suti, wakiigonga ubavu kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha wakiuliza huku wameukunja uso: "Na injini ni ya nani?" Kijana aliyesimamia banda la ndege hiyo, Mwarabu wa hapa aliyevaa kanzu nyeupe isiyoshika vumbi, alikuwa akijibu kwa upole kwamba injini ni ya nje. Na wao walikuwa wakitabasamu na kutazamana, eti ahaa. Nilitamani kuwauliza: kwani nini? Buti zangu zimetengenezwa kwingine, sare yangu imeshonwa kwingine, lakini anayesimama hapa ni nani kama si mimi? Mtu akishaamua kwamba huwezi, atakugeuza huku na huku mpaka apate pa kukukosoa.

Supavaiza wetu alikuwa Mkenya mwenzangu, sajini mstaafu, na alitaka tumwite afande kama vile bado yuko kambini kwake. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na kwake sheria ilikuwa tamu zaidi ikimwangukia mtu mwingine. Katikati ya wiki alinikuta nikihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Mbona unachezacheza? Simama wima."

"Pole, afande. Nyayo zangu ni bapa. Hata nilirudishwa kwa sababu hiyo, wakati wa kusajili makurutu."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyekumbushwa ujana wake. "Hata mimi nilikuwa nakagua makurutu. Mguu kama huo ningekurudisha mara moja. Mguu haudanganyi."

Angeishia hapo, labda nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilikuwa nimeshaona kitu ambacho kilikuwa kinaniwasha tangu asubuhi. Wageni walikuwa wanaruhusiwa kupanda na kukaa kwenye kiti cha mbele, wapige picha. Nilikuwa nimewaona wakipanda, wenye vitambi wakibanwa, watoto wa wakubwa wakivutavuta kila walichoona. Na kila aliyepanda alifanya nini? Alikaa. Jamani, rubani anakaa! Ana kiti chenye mto, ana mikanda ya kumshika, hata mguu wake kazi yake ni kusukuma kanyagio. Najua, kuna gwaride, kuna mizigo ya kubeba, msinielimishe. Lakini mimi nilifukuzwa kwenye kazi ya kukaa kwa sababu eti siwezi kusimama, kisha nikaletwa kusimama mchana kutwa nikilinda kiti hicho hicho.

Nikamwomba. Nilimwomba kwa adabu, nikaweka na "tafadhali". Siku ya mwisho, shifti ikiisha, naomba na mimi nipande dakika moja.

"Wewe ni mlinzi, si mgeni," akasema. "Ukipanda pale, najua pa kukupeleka. Gudauni, kule Freezone. Usiku. Na timu ya maonyesho usahau."

Timu ya maonyesho ndiyo iliyokuwa kila kitu kwetu. Ina kivuli, ina chakula kizuri, ina watu wa kutazama. Nilikuwa nimeihangaikia kwa muda mrefu kuipata. Jioni ile nilimweleza mwenzangu wa chumbani, naye akaniambia nisiwe mtoto. "Dada, kiti ni kiti tu. Si ukae hapo kitandani?" Nikacheka, lakini sikulala vizuri. Haikuwa kiti tu. Nilitaka kukaa pale mara moja maishani, na nilitaka kukaa bila kujificha, watu wakiniona.

Siku ya mwisho jua lilikuwa linaelekea kuzama, wageni wamepungua. Mwenzangu wa kunipokea akafika, nikamkabidhi redio. Kisha badala ya kwenda kwenye basi la kampuni, nikajiunga na foleni. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na binti yake.

Afande akaja. Mbele ya wageni hakuweza kupaza sauti, hiyo ni sheria nyingine, kwa hiyo alinisogelea akiwa anatabasamu na kunong'ona kati ya meno.

"Toka kwenye hii laini saa hii."

"Shifti yangu imeisha, afande."

"Uko na sare."

"Nivue?"

Tabasamu lake likabaki usoni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Yule mama aliyekuwa mbele yangu akageuka kututazama. Afande akarudi nyuma hatua chache, akafunga mikono kifuani, akasubiri nishindwe.

Nitasema sasa kilichonipata baadaye, ili kisipate heshima ya kuwa mwisho wa habari hii. Nilipelekwa gudauni, kama alivyoahidi. Niko huko hadi leo, kwenye geti la ghala, nasimama usiku, naruhusu malori kuingia na kutoka. Kunanikera, ndiyo. Ila sijutii, na mtu asinionee huruma.

Zamu yangu ikafika. Kijana wa banda akanitazama, akatazama sare, kisha akasema maneno yale yale aliyowaambia wengine wote: vua viatu, shika hapa, usikanyage pale, yalla, haya twende. Nikavua buti. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na sikutaka kuingia kwenye ndege ya kivita na tundu, nikavua na soksi. Nikapanda ngazi miguu mitupu, nikakanyaga bawa. Lilikuwa bado na joto la mchana. Nikaingiza mguu mmoja, kisha wa pili, nikashuka polepole mpaka kiti kikanipokea.

Sikulia, ingawa nilidhani nitalia. Nilinyoosha miguu, nikayapata makanyagio, nikaweka nyayo zangu juu yake. Zilienea barabara.

Ndipo nikatazama nje, chini, pembeni yangu. Miguu iliyoshinda ndani ya buti mchana kutwa huwa na jasho. Pale kwenye bawa, juu ya rangi ya kijivu, ilikuwepo alama yangu: nzima, kisigino mpaka vidole, bila pengo lolote katikati. Afande alikuwa amesogea karibu ili aniamuru nishuke, naye akaiona. Macho yake yaliganda pale. Huyu alikuwa amekagua nyayo za vijana wengi kuliko anavyokumbuka, na alijua anachokiona.

Kijana wa banda akachukua kitambaa afute.

"Ngoja kidogo, sir," nikamwambia. "Itakauka yenyewe."

Kisha nikamgeukia afande, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti yangu yote, foleni nzima isikie hata kama haielewi:

"Ndio huo mguu, afande. Ukague vizuri. Mwenyewe amekaa."