Mtaalamu wa Mkondo wa Kipili

Shirika la umma nilikokuwa karani wa takwimu lilipofungwa, tuliambiwa tumepunguzwa, kama chumvi iliyozidi kwenye mboga. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Sumbawanga ilijaa marobota ya mitumba, wanunuzi binafsi wa mahindi, na miradi. Mradi mmoja ulipanga nyumba mtaa wa Mazwi, ukaweka bango getini, nami nikapata kazi hapo kwa sababu nilijua kutumia kompyuta, jambo ambalo mjini kwetu wachache walilijua.

Mradi ule ulichunguza maji ya Ziwa Tanganyika, hasa mkondo unaopita kati ya visiwa vya Kipili na nchi kavu. Kila wiki boti ilitakiwa kwenda katikati ya mkondo, watu wapime kina, joto la maji juu na chini, yanakoelekea, na uangavu wake. Uangavu ulipimwa kwa sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba. Unaizamisha taratibu mpaka isionekane, kisha unasoma kamba imeingia kiasi gani. Karatasi za vipimo zililetwa kwangu kwa gari, nami nikaziingiza kwenye kompyuta, nikizipanga kwa tarehe na kwa mahali. Niliipenda kazi hiyo. Vipimo vya miezi mingi vikikaa pamoja, unaanza kuona tabia ya ziwa: upepo wa kusini unaanza kuvuma kiangazi, maji ya baridi yanapanda kutoka chini, na uangavu unapungua.

Mkuu wa mradi alitoka Dar es Salaam. Tulimwita Mtaalamu kwa sababu yeye mwenyewe alijiita hivyo, hata akiwa kwenye foleni ya posta. Alivaa koti zito mchana kutwa, akiilaani baridi ya Ufipa kana kwamba tuliitengeneza sisi ili kumkomoa. Ugali wetu wa ulezi aliusukumia pembeni ya sahani. Kipili alikuwa haendi, na sababu tuliijua wote: aliogopa maji. Hilo sikumlaumu. Mimi ni mtoto wa Laela, nimekulia kwenye mahindi, na kuogelea sijui mpaka leo. Nilichomdharau ni kwamba aliifunika hofu yake kwa majivuno, akatuambia mtaalamu wa kweli hashiki kamba, kamba ni ya vibarua.

Kiangazi kimoja injini ya boti iliharibika, ikaletwa mjini. Nilipokuwa nikienda kazini nilipita kwa fundi kule Kizwite, nikaiona juu ya meza imefumuliwa, fundi akisubiri kipuri kutoka Mbeya. Wiki hiyohiyo Mtaalamu akaniletea karatasi mpya za vipimo.

"Hivi vimepimwa lini, bosi?" nikamuuliza.

"Tarehe si unaiona hapo? Juzi."

"Kwa boti gani? Injini iko kwa fundi."

Alinitazama kama mtu aliyekuta mjusi kwenye kikombe chake cha chai. "Dada, ziwa ni ziwa. Maji ya mwaka jana na ya mwaka huu yana tofauti gani? Nimechukua vipimo vya mwaka jana, nikavipunguza kidogo."

"Ukavipunguza kwa nini?"

"Ili visifanane."

Mtu amesomeshwa na serikali, akapandishwa ndege, akarudi na shahada yake, na elimu yote hiyo imemfikisha hapo: ili visifanane. Nilimrudishia karatasi zake. Akaziingiza mwenyewe, kwa kidole kimoja, akitafuta kila tarakimu kama anayetafuta sindano kwenye pumba.

Baadaye, injini ilipokwisha kutengenezwa, akaja mgeni kutoka kwa wafadhili, Mzungu mpole mwenye Kiswahili cha darasani, akasema anataka kuona vipimo vikichukuliwa. Mtaalamu hakuwa na pa kukimbilia. Tukateremka hadi Kipili, mimi nikiwa mwandishi wa vipimo, yeye akiwa na kitambaa mdomoni njia nzima.

Nahodha wa boti alikuwa mwanamume wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa, aliyeajiriwa na mradi kwa siku za kupima. Hakuwahi kumwona Mtaalamu akikanyaga boti ile. Lakini alipotuona tu ufukweni, akainama. "Karibu tena, bosi," akasema. Hiyo "tena" ilinichefua kuliko mawimbi.

Tulipofika katikati ya mkondo, mgeni akamwomba Mtaalamu amwonyeshe jinsi uangavu unavyopimwa. Mtaalamu akasimama, akaichukua sahani na kamba yake, akavitupa majini vyote kwa pamoja. Ncha ya kamba hakuishika. Hakuifunga popote. Tukaiona sahani ikishuka, ikawa ya kijani, ikatoweka, na kamba ikaifuata.

"Kwa nini ameachia?" mgeni akauliza.

"Hiyo ni hatua ya kwanza," Mtaalamu akajibu. "Tunaiacha itulie."

Mgeni akaandika. Nilimtazama nahodha, naye akakitazama kisiwa.

"Imepotea," nikasema. "Hakuna hatua ya pili."

Mgeni akanitabasamia. "Asante, mama," akasema, akaniuliza kama samaki wa hapa ni watamu.

Mchana tulikula samaki, migebuka ya kukaanga. Mtaalamu alipokwenda kulala, nilimweleza mgeni habari za injini na vipimo vya kubuni, polepole, kwa maneno mepesi, ili asije akasema hakuelewa. Alielewa. Akasema kila mradi una matatizo yake madogo, akaomba ndimu. Mpaka siku ile nilikuwa nimedhani mjinga ni mmoja.

Asubuhi yake, wale wawili wakiwa bado wamelala, nilimwomba nahodha anipeleke mkondoni. Kipimajoto kilikuwapo, na chupa ya kuchotea maji ya chini ilikuwapo.

"Jana mbona ulinyamaza?" nikamuuliza tulipokuwa tukienda.

"Mama, bosi akifurahi, injini ya mradi inabaki kwangu. Mimi nina watoto. Wewe ukisema, utapata nini?"

Nilimdharau naye, ila kidogo. Alizima injini, tukachota. Maji yaliyotoka chini yalikuwa ya baridi mno, nikayamwagia kiganjani, na kwa muda nilisahau hasira. Nilikuwa nimeyapanga maji yale kwa miezi mingi bila kuyagusa.

Vipimo vya asubuhi ile vilikuwa vya mwisho kuviingiza. Tuliporudi mjini niliaga kabla hawajaniaga. Sahani ile ilitajwa kwenye ripoti kuwa upungufu wa vifaa, vikaletwa vifaa vipya, na mradi ukaongezewa muda. Mtaalamu alirudishwa Dar es Salaam kwa cheo kikubwa zaidi, mahali pasipo na baridi wala mawimbi, na nahodha alibaki na injini.

Mimi nilifungua chumba cha kuchapa Mazwi. Siku moja kijana mmoja wa chuo aliniletea kitabu cha ripoti ya ule mradi, nimchapie kurasa chache kwa ajili ya masomo yake. Vipimo vya kubuni vilikuwa humo, katikati ya vile vya kweli, na hakuna ambaye angeweza kuvitenganisha ila mimi, niliyezikumbuka tarehe zake.

"Tarakimu hizi usizitumie," nikamwambia, nikimwonyesha kwa kidole.

"Lakini zimeshachapishwa, shangazi," akasema. Nikamchapia.