Salamu Kutoka Juu ya Tuta

Emiliana humkumbuka mlinzi wa lambo kwa viganja vyake. Enzi za ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa, tajiri Mbaruku aliponunua lile lambo la udongo lililokuwa juu ya kijiji ili amwagilie vitunguu vyake, mzee yule ndiye aliyelilinda. Kila asubuhi alipita juu ya tuta peku, uso kwenye maji, mgongo kwa nyumba za bondeni. Kila alipohisi unyevu chini ya nyayo aliinama, akabandika kiganja kwenye udongo, akanong'ona, "Mbukwa," kama anayemwamkia mtu mzima. Emiliana, ndoo kichwani, alikuwa akicheka mpaka maji yanamlowesha.

Halafu akaja mkaguzi wa mabwawa, akasema lambo limewekwa daraja la hatari kubwa. Mzee alipandwa na hasira.

"Hatari? Tuta hili nimelishindilia kwa miguu yangu mwenyewe! Nionyeshe ufa!"

"Tuta lako ni zima, mzee wangu. Daraja halihesabu ubovu. Linaangalia tuta likipasuka, maji yatamkuta nani."

Mzee akageuka taratibu, akazitazama zile nyumba za tembe, moshi wa majikoni, kanga za Emiliana kwenye kamba, kana kwamba ndiyo kwanza anaonyeshwa. Kesho yake alipita tutani uso ukiwa bondeni. "Mbukwa!" akapaza sauti, na nyumba moja baada ya nyingine zikaitika.

Siku hizi lambo limejaa mchanga, na mzee hayupo. Lakini Emiliana akifungua mlango asubuhi bado huitika, "Mbukwa," kabla hajatazama juu.