Tangi la Mzee Kifuniko

Majirani walimwita Mzee Kifuniko, na hawakumwonea. Mwanamume huyu hakuweza kuvumilia kitu chochote kitoke mahali pake bila idhini yake. Kipande cha sabuni alikifungia kwenye mfuko kikiwa bado na maji, kikageuka uji. Madirisha ya sebuleni aliyabana mchana kutwa ili vumbi lisiingie, wageni wakaketi wakitokwa jasho huku yeye akiwauliza mbona hawajisikii vizuri. Ukifungua jokofu lake kutafuta maji, alikuja kusimama nyuma yako mpaka ulifunge. Watu wa aina hii hujiita waangalifu. Sisi wengine tuna jina jingine, ila tumelelewa.

Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo kwa pikapu. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, mchomeleaji hodari kwa mikono na kwa mdomo, alimtengenezea tangi la pili la petroli. Lilikuwa la bati, limefungwa nyuma ya kibanda cha dereva, kwa ajili ya safari ndefu. Tangi kubwa likikauka, dereva anazungusha koki tu, injini inaanza kunyonya kutoka hili la pili. Juu yake shemeji alichomelea kibomba chembamba kilichopinda kama mpini wa mwavuli.

"Hiki ni kipumulio, shemeji," alisema. "Mafuta yakitoka, hewa iingie. Usikiguse."

"Nikiguse cha nini?"

"Nakujua wewe. Usikiguse."

Kifuniko alijikaza siku chache. Kisha mchana mmoja wa jua kali alipita karibu na gari, pua ikanasa harufu ya petroli. Aliinusa kwa uchungu wa mtu anayeibiwa huku akitazama. Mafuta yake yanapaa! Yanakwenda angani, bure, wanayanusa watu asiowajua hata kwa sura! Akachonga kigingi cha mti, akakivisha kipande cha mpira wa baiskeli, akakipigilia kwenye kile kibomba mpaka kikazama nusu. Mfuniko wa tangi nao akautandikia nailoni chini yake, akaukaza kwa mikono miwili. Alipomaliza alikwenda kijiweni kuwahubiria madereva wenzake.

"Eti tangi linapumua!" aliwaambia. "Tangi ni mtu? Lina mapafu? Mnachezewa akili na mafundi."

Walimsikiliza kwa heshima zote, wakacheka alipowapa kisogo. Na kwa kuwa safari za mjini alitumia tangi kubwa, hakuna kilichomsuta. Ubishi wa mtu hunenepa hivyo hivyo, kwa kukosa mtihani.

Sasa mkewe. Huyu alikuwa fundi cherehani aliyekula ujana wake akikunja pindo za suruali za watu na kubadilisha zipu. Hatimaye bahati ilimbishia hodi. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni, mbali na mji, alimpa kazi ya mapazia ya ukumbi mpya. "Yawe yametundikwa kabla wageni hawajafika kuufungua," alimwambia. "Ukifanikisha, mapazia ya mabweni yote ni yako. Ukichelewa, mama, tusijuane." Mama huyo alishona mpaka vidole vikaota sugu. Alikuwa akilala na kuamka na mapazia yale, na alisema waziwazi kwamba hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyoitaka kazi ya mabweni. Akasema pia kwamba atakodi gari.

"Mke wangu akodi gari, na langu liko uani?" Kifuniko aliruka. "Watu watasemaje?"

"Watasema nimefika."

Lakini nyumbani kwake mzee hakuwahi kushindwa hoja, maana hoja za wengine alizikatiza kabla hazijaisha. Asubuhi ya siku yenyewe wakafungasha mapazia kwenye pikapu, wakaondoka.

Walipofika nusu ya njia, tangi kubwa likakauka. Kifuniko akazungusha koki kwa madaha. "Sasa uone raha ya kusafiri," akasema. Raha ilikuwa fupi. Injini ikakohoa, ikapiga chafya mbili tatu, ikazima. Akashuka, akapanda nyuma, akafungua mfuniko wa tangi kuangalia. Hewa ikaingia kwa mluzi, fyuuu! Mafuta yalikuwa tele. Akaukaza tena mfuniko, akawasha, gari likaondoka vizuri.

"Unaona? Ni uchafu tu wa kituo nilichojazia mafuta. Wanatia maji kwenye petroli, wezi wakubwa."

Mbele kidogo likazima tena. Akafungua, fyuuu, akafunga, wakaenda. Likazima tena. Safari hii uchafu wa kituo haukutosha, ikabidi alaumu plagi, halafu barabara, halafu mkewe kwa kukaa upande mmoja. Mkewe alikuwa akitazama jua.

"Kila ukifungua linawaka," akasema polepole, kama anavyosema mtu na mtoto. "Basi liache wazi."

"Yapae?"

"Mume wangu, yapae! Mimi nachelewa!"

"Wewe shona nguo. Mambo ya gari niachie mimi."

Walipoanza kupanda mlima, injini ikanyonya kwa nguvu zake zote. Nyuma yao kukasikika kishindo, ngubu! Walipogeuka, tangi la shemeji lilikuwa limebonyea ubavu mmoja kama kopo la maziwa lililokanyagwa. Gari likasimama, na mama wa watu akashuka.

"Ng'oa kigingi."

"Haking'oki. Nilikipigilia."

"Una koleo chini ya kiti. Ng'oa kigingi."

Kifuniko alilitazama koleo, akakitazama kigingi, akawakumbuka madereva wa kijiweni na hotuba yake. Ukweli ni kwamba aliijua dawa. Alikuwa ameijua tangu fyuuu ya pili. Lakini kung'oa kigingi mbele ya mkewe kungekuwa kukiri kwamba shemeji, kijana aliyekuwa mtoto mdogo siku mahari ya dada yake ilipotolewa, alikuwa na akili kumshinda. "Gari lipoe kwanza," akasema.

Mkewe hakubishana. Lori la mayai lilikuwa linapanda taratibu. Akalipungia mkono, akazungumza na dereva, na kabla Kifuniko hajageuka, mapazia yalikuwa juu ya trei za mayai na mkewe yuko mbele. Lori likapotea juu ya mlima.

Magari hayakukoma kupita mpaka jua likasogea; barabara ilipobaki tupu hatimaye, mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa koleo. Kigingi kikatoka. Tangi likavuta pumzi ndefu, na pikapu ikapanda mlima bila kinyongo. Ikakimbia kama mpya! Aliye na haya angeendelea hivyo hivyo mpaka shuleni, akaomba radhi, yakaisha. Kifuniko alipofika kwenye kona ambayo paa za shule huonekana, alisimama. Mkewe akiona kibomba kiko wazi, atasema nini? Akakipigilia kigingi mahali pake, akakaza na mfuniko, akajifuta mikono, akaendelea kwa uso wa mtu asiyejua lolote.

Kutoka kwenye kona ile hadi shuleni ni mwinuko mtupu. Pikapu ilikohoa ikiwa mlangoni, ikapiga chafya, ikazima katikati ya geti. Nyuma yake magari ya wageni yakaanza kupiga honi. Mgeni rasmi akachoka kusubiri, akashuka, akaingia kwa miguu na viatu vyake vya kung'aa huku vumbi likimfuata.

Mwalimu mkuu akaja mbio, amefuatana na fundi cherehani ambaye utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni mwake. Ukumbini mapazia yalikuwa yametundikwa yote, yamenyooka.

"Nani anamfahamu mtu huyu?" mwalimu mkuu akauliza.

Kifuniko akajichekesha, akamtazama mkewe, akasubiri kutajwa.

"Namfahamu," mkewe akajibu. "Ni dereva niliyeanza naye safari."

Akapanda nyuma ya pikapu na gauni lake la sherehe, akashika kigingi kwa mkasi wake wa kazi, akakitingisha mpaka kikatoka. Tangi likapiga mluzi mrefu, umati wote ukausikia. Akashuka, akakikabidhi kile kigingi mkononi mwa mumewe.

"Sogeza gari, dereva. Wageni wapite."

Mzee Kifuniko akafungua kinywa ajibu. Akawaona wanafunzi, walimu na mgeni rasmi wakimngojea, akakifunga. Akawasha gari, likawaka mara moja, akasogea.